Kwa Nini Tunafurahia Kutazama Dunia Ikizama?

Mama anapita sebuleni usiku na kumkuta kijana wake amekodolea macho televisheni. Jiji zima linazama, maghorofa yanalaliana, watu wanapiga mayowe. "Mwanangu, hiyo nayo ni raha?" Kijana hana jibu la maana. Anasema tu, "Mama, subiri uone mwisho."

Swali la mama huyu huulizwa kila mahali, lakini katika wilaya ya Kilosa lina uzito wa pekee. Novemba 2009 ilitoka filamu iitwayo *2012*, ya mwongozaji Roland Emmerich, ambayo ndani yake bahari inapanda mpaka inaifikia milima ya Himalaya. Mwezi uliofuata, mwishoni mwa Desemba, mto Mkondoa ulipasua tuta lake ukaingia Kilosa mjini. Zaidi ya watu 20,000 walikosa makazi na wengi wakahamia kwenye mahema. Reli ya kati ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikasimama kwa miezi.

Filamu ile imedumu miaka mingi kwenye laibrari za muvi, yale maduka unakoingiziwa filamu kwenye flashi. Sasa mtu aliyewahi kutembea na godoro kichwani akiyakimbia maji ya Mkondoa anatafuta nini kwenye filamu ya mafuriko?

Jibu jepesi ni kwamba binadamu hana huruma, anafurahia msiba wa mwenzake. Silikubali. Nitajaribu kuonyesha katika sura hii kwamba filamu nzuri ya majanga inatupa kitu ambacho janga lenyewe linatunyima: nafasi ya kuliona linavyokuja, kuelewa linavyofanya kazi, na kumwona mtu anayerudi kumfuata mwenzake.

## Filamu ya majanga ni ipi?

Ni filamu ambayo adui mkuu si mtu. Adui ni maji, moto, tetemeko, volkano, kimondo, au chombo cha usafiri kilichoharibika. Wabaya wanaweza kuwemo, kama tajiri aliyebana pesa za usalama au mkubwa aliyepuuza onyo, lakini ukiwaondoa janga bado lipo.

Marekani aina hii ilishika kasi miaka ya 1970. *Airport* ilitoka mwaka 1970, *The Poseidon Adventure* 1972, na *The Towering Inferno*, ya ghorofa linaloungua, 1974. Ikapoa, kisha ikarudi kwa kishindo miaka ya 1990 kompyuta zilipoanza kuchora kimbunga na wimbi kubwa: *Twister* mwaka 1996, *Dante's Peak* na *Titanic* 1997, *Deep Impact* na *Armageddon* 1998. Hizi za kundi la pili ndizo zilizotufikia kwa wingi, kwanza kwenye mikanda ya video, baadaye CD, na sasa simu.

## Mwili unaogopa, kiti kiko salama

Tuanze na mwili, maana ndio unaotangulia. Wimbi likitokea kwenye skrini moyo unaenda mbio, viganja vinatoka jasho, misuli inakaza. Mwili hausubiri kuambiwa kwamba ile ni picha. Akili inajua, mwili unachelewa kujua.

Kinachofuata ndicho chenye utamu. Steringi, yaani mhusika mkuu, akishaokoka, ule msisimko hauondoki papo hapo. Ni jiko la mkaa lililoipuliwa sufuria: chakula kimetoka, joto bado lipo. Joto hilo la hofu linahamia kwenye furaha ya kuokoka, na furaha inakuwa kubwa kuliko ambavyo ingekuwa bila ile hofu. Ndiyo maana mtu hutoka kwenye filamu ya kutisha akicheka na kuongea kwa sauti ya juu.

Kuna sharti moja. Kiti kiwe salama. Mtu ambaye maji yako mlangoni mwake wiki hii hana haja ya filamu ya maji. Lakini miaka ikipita, nyumba ikisimama tena, kiti kinarudi kuwa salama, na yule yule aliyekimbia anaweza kukaa akatazama. Anatazama kwa jicho ambalo wengine hawana. Atakwambia maji ya filamu ni masafi mno, kwamba maji ya mafuriko ni tope lenye magogo, mabati na mizoga. Atakwambia mlio wa kwanza haukuwa wa maji kabisa, ulikuwa wa mbwa na kuku.

Halafu kuna kutazama pamoja. Kibanda umiza, ule ukumbi mdogo wa video wenye mabenchi ya mbao na joto la kukaanga, ni mahali pazuri kuliko pote pa kutazama majanga. Hakuna anayenyamaza. Steringi akigeuka kumfuata mtoto, ukumbi mzima unampa ushauri: rudi, kimbia, shika kamba! Na kama filamu imeingizwa sauti ya Kiswahili, msimuliaji naye anaongeza chumvi. Tanzania ilikuwa na Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Wasimuliaji hawa hawatafsiri maneno tu. Wanamweleza mtazamaji nani ni nani, wanamkumbusha yaliyopita, wanamkemea mzembe. Janga la Los Angeles linasimuliwa kana kwamba limetokea mtaa wa pili, na hofu iliyogawanywa kwa watu hamsini kwenye benchi inabebeka.

## Onyo ambalo hakuna aliyelisikia

Karibu kila filamu ya aina hii ina mtu mmoja anayejua mapema. Katika *Dante's Peak* ni mtaalamu wa volkano anayetaka mji uhamishwe, huku wakubwa wake wakihofia taharuki na hasara ya biashara. Katika *The Wave*, filamu ya Norway ya mwaka 2015, ni mtaalamu wa miamba anayehisi kwamba mlima ulio karibu na mji wa Geiranger unataka kuporomokea majini. Ukiporomoka, watu wana dakika kumi tu kabla ya wimbi kufika.

Kwa nini tunampenda mhusika huyu? Kwa sababu anatufanya tujue kitu ambacho watu wa ndani ya filamu hawakijui. Wao wanapika, wanagombana, wanafanya sherehe, sisi tunaona ufa unapanuka. Hapo ndipo mtazamaji anasogea mbele kwenye kiti.

Mkondoa ina kisa cha namna hii hii, na ni kizuri kuliko vingi nilivyoviona kwenye skrini. Maji yanayoizamisha Kilosa mara nyingi hayakunyesha Kilosa. Yanatoka juu, Dodoma na Mpwapwa, yanakusanywa na mto Kinyasungwe, yanapita kwenye bonde jembamba ambalo reli nayo inapita, kisha yanatua Kilosa kabla ya kutawanyika kwenye tambarare ya Mkata na kuelekea Wami. Mtu anaweza kuwa amekaa kibarazani Magomeni au Mbumi, hapo hapo Kilosa, mbingu nyeupe, nguo zikikauka kwenye kamba, na mafuriko yako njiani tayari. Tuta lililojengwa enzi za ukoloni kuuzuia mto usiingie mjini lilikuwa limechoka, limelimwa, limepitiwa na ng'ombe. Mwongozaji yeyote angetoa fedha nyingi kupata mwanzo wa filamu kama huo.

## Treni mbili

*Unstoppable* ya mwaka 2010, ya mwongozaji Tony Scott, ina Denzel Washington na Chris Pine wakifukuza treni isiyo na dereva. Msingi wake ni tukio la kweli. Mei 2001, jimboni Ohio, Marekani, kichwa cha treni kiliondoka yadi peke yake kikivuta mabehewa 47, mengine yakiwa na kemikali ya hatari. Kilikwenda zaidi ya kilomita 100 kwa takribani saa mbili. Wafanyakazi wawili walikifuata na kichwa kingine, wakajiunga na behewa la mwisho, wakafunga breki zao mpaka mwendo ukapungua, na mwenzao akakirukia. Hakuna aliyekufa.

Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na zaidi ya watu 1,200 ilipita Kilosa, ikapanda kuelekea Dodoma. Karibu na Igandu breki zilikataa, ikaanza kurudi nyuma kwa kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Nimeziweka pamoja kwa sababu fizikia ni ile ile: uzito, mteremko, breki. Tofauti ni muda. Ohio walipata saa mbili za kufikiri, kujaribu, kukosea na kujaribu tena. Igandu hawakupata. Na hapo tunaona sheria muhimu ya burudani hii, ambayo waandishi wengi wa filamu huifuata bila kuitaja: janga la filamu lisiwe la sekunde, wala lisiwe la miaka. Lichukue muda wa mtu kuamua jambo.

Sheria hiyo inaeleza pia kitu kinachoonekana barabarani Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa karibu kilomita 50. Basi la mikoani linapunguza mwendo, linapanda tuta moja baada ya jingine, na pembeni kuna bango linaloorodhesha faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Nje ya dirisha twiga anavuka. Ndani, nusu ya abiria wanatazama skrini iliyo juu ya dereva, ambako daraja linaporomoka. Ajali za barabarani zinaua watu wetu kila mwaka kuliko volkano zote za filamu, lakini hazipewi filamu ya majanga. Ajali ya gari ni ya kufumba na kufumbua. Hakuna onyo, hakuna uamuzi, hakuna wa kumfuata mwenzake.

Kwa ufupi mpaka hapa: mwili hupata msisimko, kiti salama huugeuza kuwa raha, wenzetu kwenye benchi huuzidisha, na muda wa kuamua ndio unaotushikilia mpaka mwisho.

## Meli iliyogongwa kutoka ndani

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu zaidi.

*Titanic* ya James Cameron ilitoka mwishoni mwa 1997. Hapa kwetu iliwakuta watu ambao mwaka mmoja na nusu kabla walikuwa wamezika. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 430, na waliokuwemo walikuwa wengi zaidi. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi inapita 800. Makaburi yao yako Igoma.

Ukisikiliza watu wa rika lile wakiongea juu ya *Titanic*, utagundua hawaongelei sana mapenzi ya Jack na Rose. Wanaongelea milango iliyofungwa ili daraja la tatu wasipande juu. Wanaongelea maboti ya kuokolea yaliyoondoka nusu tupu. Wanaongelea bendi inayoendelea kupiga. Meli ile ilichukua zaidi ya saa mbili na nusu kuzama, na filamu inatumia muda mrefu kuonyesha kila mtu anafanya nini na saa zake za mwisho. Kwa aliyefiwa na mtu majini, hicho ni kitu kikubwa. Alichopewa kwenye redio kilikuwa idadi. Filamu inamwonyesha nyuso, moja baada ya nyingine.

Filamu iliyo karibu zaidi na MV Bukoba, hata hivyo, ni *The Poseidon Adventure*. Humo meli ya abiria inapinduliwa na wimbi usiku wa kuamkia mwaka mpya. Dari linakuwa sakafu. Kundi dogo, likiongozwa na mchungaji anayechezwa na Gene Hackman, linaamua kupanda kuelekea chini ya meli, kwa maana chini sasa ndiyo juu. Mchungaji anafia njiani. Sita wanaobaki wanagonga bati kwa nguvu, waokoaji wanasikia, wanalikata kwa moto, mwanga wa jua unaingia.

MV Bukoba nayo ilielea kichwa chini kwa muda, na watu waliokuwa ndani waligonga. Waliokuwa juu walisikia. Tundu likatobolewa. Lakini hewa iliyonaswa ndani ndiyo iliyokuwa imeishikilia meli. Ilipopata pa kutokea, maji yakachukua nafasi yake na meli ikazama. Kitendo kile kile, nia ile ile njema, na matokeo yakawa kinyume.

Je, mtu anayejua hilo anaweza kufurahia *The Poseidon Adventure*? Nadhani anaweza, na si kwa kujidanganya. Anaitazama kama jinsi ilivyopaswa kuwa. Pale bati linapokatika na mwanga ukaingia, kuna kitu ndani yake kinachopata haki yake kwa sekunde chache. Na ajue pia kwamba wakati mwingine maisha yenyewe yanaitoa haki hiyo: Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, fundi mitambo mmoja alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye. Alikuwa amekaa penye hewa.

## Za kuanzia

Msomaji akiniuliza aanze na ipi, nitampa hizi, na sababu zangu.

- *The Impossible* (2012). Familia moja kwenye tsunami ya Desemba 26, 2004 huko Thailand, ile ile iliyofika mpaka pwani yetu na kuua watu Dar es Salaam. Wimbi linapita mapema, na filamu iliyobaki ni ya kutafutana. Maji yake ni machafu, yana matawi na vyuma, yanakata ngozi. Aliyeyaona maji ya Mkondoa ataiamini.
- *The Wave*. Ndogo, baridi, haina majigambo. Ile saa ya dakika kumi haitakuacha ukae.
- *2012*. Ni upuuzi wa kisayansi na ni raha tupu. Mwishoni bara la Afrika ndilo linalosalimika, na manusura wanaelekea Rasi ya Tumaini Jema. Ukitaka kusikia ukumbi ukishangilia, onyesha dakika hizo za mwisho.
- *The Boy Who Harnessed the Wind* (2019). Chiwetel Ejiofor, mwanasayansi wa kwenye *2012*, aliiongoza na kuigiza ndani yake. Ni kisa cha kweli cha kijana wa Malawi, William Kamkwamba, wakati wa njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuna mlipuko hata mmoja. Miti inakatwa, mvua inaharibu, ukame unafuata, debe la mahindi linapungua. Nilisema janga la filamu lisiwe la miaka. Hii inakaribia kuivunja sheria hiyo na inashinda, kwa sababu kijana ana kitu cha kujenga kabla akiba haijaisha.

## Filamu ambayo Mkondoa haijapata

Ningependa kuiona, na najua ningeianzia wapi. Si Kilosa. Ningeianzia Mpwapwa, jioni, mvua kubwa ikipiga kwenye udongo uliokauka usiokunywa maji. Kisha Kinyasungwe ukijaa. Kisha bonde la reli, mtu wa zamu akimulika tochi kwenye daraja na kuona maji yamefika mahali ambapo hayajawahi kufika. Anapiga simu. Mtandao unakata, unarudi, unakata. Wakati huo huo Kilosa mjini watu wako kwenye maandalizi ya sikukuu, kanisani kuna mazoezi ya kwaya, na fundi cherehani ana nguo za watu hazijaisha.

Tuta lingepewa nafasi ya mhusika kamili. Tungeliona mchana, mbuzi wakipita juu yake, mtu amechimba kidogo kupata udongo wa matofali, mwingine amepanda mahindi ubavuni. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mtu mbaya. Halafu usiku tungelitazama likivuja, kwanza tone, kisha mfereji wa unene wa mkono.

Nusu saa ya mwisho ningeomba iwe ya baada ya maji, mahali ambapo karibu filamu zote huzima taa. Tope likichotwa kwa koleo kutoka chumbani. Vyeti vya shule vikianikwa juu ya bati. Foleni ya unga kwenye mahema, ugomvi wa nani ameandikishwa na nani hajaandikishwa, mtoto anayezaliwa hemani. Mafundi wa reli wakinyoosha vyuma vilivyopinda bondeni, wakati bibi mmoja wa Kimamba anauliza kila wiki treni itapita lini.

Bajeti kubwa haihitajiki. *The Wave* ina wimbi moja tu. Kilichobaki ni watu, ngazi na saa. Waigizaji tunao, kamera zipo mpaka mfukoni, na mahali penyewe pako pale pale, na treni ya umeme inayokwenda Dodoma sasa inapita kwenye mahandaki ya vilima vya Kilosa. Waliokuwa na miaka kumi usiku ule leo ni watu wazima wenye watoto, wanaoweza kukuonyesha ukutani maji yalifika tofali la ngapi, nani alikwenda kumchukua bibi wa jirani, na ni jirani gani aliyesema maji hayatafika. Wako Magomeni na Mbumi. Mwandishi wa filamu anayetaka kuwahoji anaweza kuanza wiki hii.